Kopo Liende, Kifuniko Kibaki

Mwezi huu tunaingia bafuni. Usishtuke! Hatuendi kuchungulia mambo yenu, tunakwenda kuhesabu makopo tu. Tazama pale kwenye rafu: kopo la losheni lililoisha zamani, la jeli ya nywele, na lile la krimu ya mikono ambalo mwenzio hataki kukubali kuwa ni lake. Yote matupu. Lakini zungusha vifuniko vyake uone. Vinakaza na kufunguka kama siku ya kwanza.

Kopo limefanya kazi miezi miwili likachoka. Kifuniko kina nguvu ya miaka. Lakini siku ya kutupa vinakwenda jalalani pamoja, kisa tu vilitoka kiwandani pamoja.

Kwa nini nakuletea habari hii? Kwa sababu siku hizi wachumba na wanandoa wengi wana biashara ya pembeni. Mkitoka ofisini jioni, mmoja anasaga karafuu, liwa na maua makavu ya mlangilangi kutengeneza singo ya maharusi, mwingine anapima na kubandika lebo. Raha tupu! Ugomvi unaanza pale mnapofika kwenye kifungashio. Mmoja anataka kopo la plastiki linalong'aa, lenye kifuniko kizito, kwa sababu mteja hununua kwa macho kwanza. Mwingine anataka karatasi, maana amechoka kuona mitaro imeziba na mifuko ya plastiki imeshapigwa marufuku, Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019. Sasa mnabishana nini, karatasi au plastiki? Ngoja niwaambie: kila mmoja ana nusu ya haki. Swali lenu ndilo halijakaa sawa. Ulizeni hivi: kipi kati ya hivi kinatakiwa kuishi muda mrefu, na kipi kiondoke haraka bila kuacha taka?

Ndugu wa trei ya mayai

Karatasi ninayoizungumzia unaijua vizuri. Ni ile ya trei ya mayai, ya kijivu, inayokwaruza mkono kidogo. Haikukunjwa wala kukatwa na mkasi. Ilifinyangwa.

Kazi yenyewe iko hivi. Karatasi chakavu au massa ya mbao huchanganywa na maji mengi sana, mpaka inakuwa rojo jepesi kuliko uji wa mgonjwa. Kalibu yenye wavu, au moldi kama wanavyoiita mafundi, huzamishwa ndani ya rojo hilo. Pampu inafyonza maji kupitia matundu ya wavu, na nyuzinyuzi zinang'ang'ania juu yake zikilalana huku na huku. Likishapata unene, umbo hutolewa likiwa bado bichi na kukaushwa kwa joto. Ukitaka uso laini na pembe zilizonyooka, unalikandamiza kati ya kalibu mbili za moto. Kinachoshikilia kila kitu ni nyuzinyuzi zenyewe, kwa hiyo ukilirudisha kwenye maji linaweza kuwa rojo tena na kutengeneza kitu kingine. Urejelezaji ndio huo, ingawa kila safari nyuzinyuzi zinakuwa fupi zaidi, na ndiyo maana haziwezi kuzunguka milele.

Teknolojia hii si ya jana. Mwaka 1903 huko Maine, Marekani, Martin Keyes alianzisha kampuni ya kufinyanga sahani kutokana na massa ya mbao. Na kasha la mayai lina kisa kitakachowafurahisha nyie mnaopenda kununiana. Mwaka 1911 huko British Columbia, Kanada, mfugaji na mwenye hoteli walikuwa wanagombana kwa sababu mayai yalikuwa yanafika yamevunjika. Mwenye gazeti wa pale, Joseph Coyle, akawatengenezea kasha la karatasi ambalo kila yai lina chumba chake. Ugomvi ukazaa kifungashio ambacho dunia nzima inakitumia mpaka leo. Kwa hiyo huo wenu wa jana usiku msiudharau, unaweza ukawa mtaji.

Tatizo liko shingoni

Sasa basi, kama karatasi hii ni nzuri hivyo, si tufinyange kopo zima, na kifuniko chake cha kuzungusha juu? Hapo ndipo wengi wanapokwama. Kuna sababu tatu, na ni vizuri uzijue kabla fundi hajakula hela yako.

Ya kwanza ni kalibu. Umbo la rojo lazima litoke kwa kuvutwa moja kwa moja, kama unavyomwaga mchanga uliojaza kwenye kikombe. Ndiyo maana pande za trei zimelala kidogo. Thredi, yaani ile mistari inayozunguka shingoni, inajifunga ndani ya kalibu na kukataa kutoka. Inawezekana kutengeneza kalibu ya vipande vinavyofunguka, lakini bei yake nayo inafunguka!

Ya pili ni kusinyaa. Karatasi bichi ikikauka inapungua, na haipungui sawasawa kila siku. Thredi inataka vipimo vinavyorudiana, kwa sababu tofauti ndogo tu inatosha kifuniko kulegea au kugoma kuingia.

Ya tatu ni kuchakaa. Fungua na funga kila asubuhi kwa mikono yenye maji, na nyuzinyuzi zinaanza kuchambuka kama kola ya shati la zamani.

Hata matajiri wamehangaika hapo hapo. Kampuni ya bia ya Carlsberg ilianza safari ya chupa ya nyuzinyuzi za mbao mwaka 2015. Mwaka 2022 ikajaribu chupa 8,000 huko Ulaya Magharibi, ndani zikiwa na utando uliotokana na mimea ili bia isivuje. Wakatangaza kwa fahari kwamba chupa nzima imetokana na mimea, isipokuwa kizibo. Umeona? Kizibo! Mwaka 2023 Absolut nao wakapeleka chupa ya karatasi kwenye maduka ya Tesco eneo la Manchester, Uingereza. Karatasi ilikuwa asilimia 57, kilichobaki kikiwemo utando wa plastiki. Huko Sweden, kampuni ya Blue Ocean Closures imejikita kwenye vifuniko vya kuzungusha vinavyotengenezwa kwa nyuzinyuzi. Hao wana maabara na wawekezaji. Wewe na mwenzio mna jiko, meza moja na mshahara wa mwisho wa mwezi. Mnahitaji njia nyepesi zaidi.

Iache karatasi ibanwe tu

Njia yenyewe ipo, na asili yake ni ya zamani kuliko hata trei ya mayai. Mwaka 1858 John Landis Mason wa New York alipata hataza ya chupa ya kuhifadhia vyakula yenye thredi shingoni. Akina mama wa huko wakawa wanakula matunda yaliyomo, wanaosha chupa, wanaitumia tena msimu unaofuata. Sisi tunachukua wazo la kuzungusha na kutumia tena, halafu tunaigeuza kazi: thredi tunaitoa kwenye kopo kabisa.

Fikiria vipande vitatu. Cha kwanza ni kopo la karatasi iliyofinyangwa, pana juu, jembamba kidogo chini, lenye mdomo uliojikunja kwa nje. Cha pili ni pete ngumu yenye thredi kwa nje. Cha tatu ni kifuniko chenye thredi kwa ndani na washa ya mpira. Kopo linatumbukizwa ndani ya pete kutoka juu, mdomo wake unakaa juu ya pete kama sufuria inavyokaa juu ya jiko. Unazungusha kifuniko, kinashuka na kuubana mdomo kati yake na pete. Basi, limefungwa!

Angalia ilivyokaa vizuri. Thredi zote mbili ziko kwenye vipande vya kudumu. Karatasi haizungushwi, inabanwa tu, na kubanwa inakuweza. Ule mlalo wa pande ambao kalibu ilikuwa inaudai sasa ndio unaolifanya kopo liingie kwenye pete kwa urahisi. Faida nyingine ni kwamba makopo matupu yanaingiliana kama vikombe vya shereheni, kwa hiyo boksi moja linabeba mengi na nauli inapungua. Bidhaa ikiisha, fungua, sukuma kopo litoke, weka jipya. Hakuna gundi, wala hakuna kitu cha kubandua kwa kisu. Kopo linakwenda na karatasi nyingine, pete na kifuniko vinabaki rafuni.

Pete na kifuniko viwe vya nini? Alumini ni nzuri, inayeyushwa na kutumika tena na tena. Plastiki nene ya polipropilini, ile yenye namba 5 ndani ya pembetatu, nayo inafaa kwa sababu ni ngumu na inastahimili kuoshwa. Ila vyote viwili viwe vya aina moja, ili siku vikivunjika viende pamoja kwa mrejelezaji bila kumsumbua.

Halafu kuna jambo moja la kuandika kwa kalamu nyekundu: kipimo cha mdomo wa kopo. Ukishakichagua, usikibadilishe. Unajua kwa nini mara nyingi kizibo cha chupa ya soda kinaingia kwenye chupa ya soda ya kampuni nyingine? Kwa sababu viwanda vingi vya vinywaji vinatumia vipimo vya shingo vilivyokubaliwa. Mteja aliyenunua kifuniko chako leo ameamini kwamba kopo la mwakani litaingia. Ukibadilisha kwa milimita mbili tu, umemfanya atupe kitu kizima. Kipimo ni ahadi, jamani.

Hesabu ya wawili

Tuzungumze hela sasa. Nitatumia namba za mfano tu, nyie mtaweka zenu. Tuseme kopo la plastiki la kutupa linakugharimu 3. Pete na kifuniko cha kudumu ni 4, na kopo la karatasi ni 1.

Mteja akinunua mara ya kwanza, plastiki ni 3, njia yetu ni 5. Umepigwa! Mara ya pili, plastiki imefika 6, yetu 6. Ngoma droo. Mara ya tatu, plastiki 9, yetu 7. Mara ya sita, plastiki 18, yetu 10. Biashara inaanza kuchanua kuanzia mzunguko wa tatu.

Lakini soma hesabu hiyo kwa upande wa pili pia. Mteja akinunua mara moja na kupotea, umempa kifuniko kizito atakachokitupa. Hasara kwako, na taka ni nzito kuliko ya lile kopo la kawaida. Kwa hiyo mfumo huu haufai kwa bidhaa ya kununuliwa mara moja, kama zawadi za wageni wa harusi. Hapo mpe mtu kopo la karatasi lenye kifuniko cha karatasi cha kubandika, yaishe. Kifuniko cha kudumu ni cha mteja anayerudi. Kama uchumba ulivyo, usinunue kabati la milango sita kwa mtu ambaye hata jina la mama yake hulijui.

Na atarudi vipi? Hili wala si geni kwetu. Nani hapa hakutumwa dukani na chupa tupu ya soda? Ulijua kabisa usipokwenda na chupa, unaacha hela ya chupa. Kwa hiyo chupa ilikuwa na heshima nyumbani, hakuna aliyeitupa. Fanyeni hivyo hivyo. Uzeni pete na kifuniko mara moja kwa bei inayoonekana wazi, kisha kopo la kujazia liwe na bei ya chini. Mteja aione tofauti hiyo kwenye lebo. Anayetaka kuacha kutumia, arudishe kifuniko apate sehemu ya hela yake.

Huko Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2024 vizibo vya plastiki vya chupa za vinywaji za hadi lita 3 vinatakiwa vibaki vimeshikamana na chupa, kwa sababu vilikuwa vinaokotwa sana ufukweni. Hiyo ni dawa ya kizibo kinachotupwa. Cha kwetu hakitakiwi kutupwa kabisa, kwa hiyo dawa yake ni thamani. Kitu chenye thamani hakipotei ovyo.

Jaribuni kabla ya kulipia kalibu

Kalibu ndiyo gharama kubwa, na ikishachongwa haina samahani. Kabla hamjatoa hata senti, chukueni sampuli kwa fundi na mfanye majaribio haya nyumbani, wikendi mbili zinatosha:

1. *Ndoo.* Chana kopo vipande vidogo, loweka usiku kucha, asubuhi koroga kwa nguvu. Likirudi kuwa rojo, safi. Ukikuta ngozi ya plastiki inaelea au mabonge yanayogoma kulainika, mrejelezaji naye atapata shida hiyo hiyo.

2. *Unyevu.* Pima kopo tupu kwenye mizani ya jikoni ya gramu, liache bafuni wiki nzima, pima tena. Uzito ukiongezeka, limekunywa maji ya hewani. Kwa sisi wa pwani hili ni muhimu mno, maana singo ikipata unyevu inaganda na kuota ukungu. Wekeni bidhaa kwanza kwenye mfuko mwembamba wa karatasi isiyopitisha unyevu, na msiiache dukani muda mrefu.

3. *Mafuta.* Dondosha mafuta ya nazi ndani, weka kopo juu ya karatasi nyeupe, subiri siku moja. Doa likitokea, bidhaa ya mafuta sahau. Anzeni na vitu vikavu: singo, liwa, hina, majani ya chai, viungo, chumvi ya kuogea, sabuni ya kipande.

4. *Mkono.* Funga na fungua mara mia mbili. Ndiyo, mia mbili! Mpeane zamu mkiwa mnaangalia tamthilia. Kisha kagua mdomo wa kopo. Ukichambuka, uongezewe unene au washa iwe laini zaidi.

5. *Meza.* Lijaze, lifunge, lidondoshe kutoka urefu wa meza. Lianguke kwa chini, kwa ubavu na kwa kifuniko.

Na kuna swali la kumuuliza muuzaji kwa maandishi: karatasi hii imetiwa kemikali za PFAS? Ni kemikali zinazotumika kuzuia mafuta yasipenye, nazo hazivunjikivunjiki kwenye mazingira. Denmark ilizipiga marufuku kwenye karatasi za kugusana na chakula mwaka 2020, na Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza kwamba zile za kuzuia mafuta kwenye vifungashio vya chakula haziuzwi tena nchini humo. Muuzaji akibabaika, shukuru, ondoka. Rangi ya kijani kwenye lebo haimaanishi kitu kama hajui alichokitia ndani.

Sasa, nani anaosha kifuniko?

Nimeliacha hili mwisho kwa makusudi, kwa sababu hapa ndipo mfumo wowote unapofia, na si kiwandani. Ubunifu wote huu unategemea mtu mmoja, asubuhi moja, kopo likiwa limeisha na daladala halisubiri. Atafungua pete, aisuuze, aikaushe na kuweka kopo jipya? Au atatupa lote kwa hasira?

Ukitaka afanye, mrahisishie. Pete ifunguke kwa mkono wenye sabuni, iwe na mikwaruzo ya kushikia. Isiwe na kona za kujificha uchafu. Maelezo yaandikwe kwa Kiswahili ndani ya kifuniko, maneno manne yanatosha: fungua, toa, osha, kausha. Na mjipime nyie wenyewe kwanza. Kama ndani ya nyumba yenu kazi hiyo inamwangukia mmoja tu kila siku, huku mwingine akisema "mimi ndiye niliyeleta wazo," basi jueni kwamba nyumba za wateja wenu ziko hivyo hivyo. Kifungashio kinachohitaji mke mwenye subira ili kifanye kazi ni kifungashio kibovu. Kiwe kinawezekana kwa yeyote aliyekuwa wa mwisho kukitumia.

Hebu fanyeni zoezi dogo Jumamosi hii. Toeni makopo yote matupu bafuni na jikoni, mtenganishe vifuniko na makopo, muweke mafungu mawili sakafuni. Kisha kila mmoja aandike kwenye karatasi yake, bila kuchungulia ya mwenzie: ni vitu gani hapa vingestahili kubaki? Linganisheni majibu. Mtashangaa mnavyokubaliana kuliko mlivyodhani, na pengine bidhaa yenu ya kwanza itatoka kwenye fungu hilo hilo la vifuniko.

Mwezi ujao tutazungumzia akaunti ya pamoja benki, na nani akae na neno la siri. Najua mnaisubiri kwa hamu! Mpaka hapo, panapo majaaliwa, pendaneni na mfunge makopo yenu vizuri.